Mama mjamzito, uraka na gongo: kwa nini neno "acha" halitoshi

Mabibo yanapoanza kuanguka chini ya mikorosho ya Tandahimba, Newala na Masasi, korosho huokotwa kwenda ghalani na bibo hubaki. Bibo halingoji mtu. Likikamuliwa asubuhi ni juisi tamu yenye ukakasi kidogo. Juisi hiyo ikishinda juani inatoa povu, na jioni ni uraka. Ukilala mpaka kesho unazidi kukolea. Mabibo yaliyobaki huanikwa yakawa kochoko, ambayo huja kuloweshwa baadaye na kupikwa gongo, au nipa kama wengi tunavyoiita huku Kusini. Ndiyo maana mama mjamzito anaweza kusema kwa moyo mweupe kabisa, "Mimi sinywi pombe, nakunywa maji ya mabibo tu."

Mtoto aliye tumboni hajui tofauti ya majina hayo. Kilevi kilichomo katika uraka, gongo, bia au mvinyo ni kilekile. Kinapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto kwa kiwango kinachokaribia kile kilichomo katika damu ya mama, na ini la mtoto bado ni changa mno kukimudu. Viungo vingi huumbwa katika majuma ya mwanzo, mara nyingi mama akiwa hata hajajua kwamba ana mimba. Ubongo nao hujengwa miezi yote tisa. Kutokana na hilo kuna mambo mawili ambayo viongozi wa jumuiya ndogondogo na makatekista wanapaswa kuyajua. La kwanza, hakuna kiasi cha pombe kilichothibitika kuwa salama kwa mjamzito. La pili, ambalo husahaulika, hakuna mwezi ambao ni "kuchelewa". Mama anayeacha mwezi wa saba bado anaupa ubongo wa mwanawe nafasi njema kuliko anayeendelea.

Hata hivyo, makala hii inamhusu hasa mama ambaye ameshaambiwa hayo yote na bado anakunywa. Huyo ndiye anayetuhangaisha parokiani. Tumezoea kumpa dawa moja, yaani neno "acha", na asipoacha tunaliongeza sauti.

Elimu yenyewe si ya kale. Mwaka 1968 daktari Mfaransa Paul Lemoine, wa mji wa Nantes, aliandika juu ya watoto wa wazazi walevi waliofanana kwa namna ya ajabu ingawa hawakuwa ndugu. Wamarekani Kenneth Jones na David Smith waliielezea hali hiyo upya mwaka 1973, na ndipo dunia ikaanza kusikiliza. Mtoto huzaliwa na uzito mdogo na kichwa kidogo, mdomo wa juu mwembamba, na kile kijifereji kati ya pua na mdomo kikiwa bapa. Wengine hawana alama yoyote usoni, ila wakifika shule hawatulii, hesabu hazishiki, na wanarudia kosa lilelile kila siku. Mwalimu atasema ni mtukutu na bibi atasema amerogwa. Ulemavu huo hauponi, ingawa mtoto anayetambuliwa mapema na kuishi katika nyumba tulivu huendelea vizuri zaidi.

Afrika ina fundisho lake katika jambo hili. Kwenye wilaya za mashamba ya zabibu za Western Cape, Afrika Kusini, watafiti wamekuta viwango vya ulemavu huo ambavyo ni miongoni mwa vikubwa kabisa vilivyowahi kuandikwa duniani. Huko, kwa vizazi kadhaa, vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Mtindo huo ulipigwa marufuku, lakini mazoea hayakufutwa na sheria. Kwetu korosho ni za wakulima wadogo, si za walowezi, hivyo hatuwezi kujilinganisha nao moja kwa moja. Lakini kwetu pia kinywaji kinatoka kwenye mti uleule unaosomesha watoto, na anayekipika kwa kawaida ni mwanamke. Mpishi huonja. Akionja kila siku msimu mzima, na tena wakati wa kochoko, hatari inamkuta jikoni kwake.

Kunywa na kutawaliwa

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye kosa la hatari.

Wako wanawake wanaokunywa mara mojamoja, kwenye ngoma, msibani au wikiendi. Kwa hao neno "acha leo" ni sahihi, na mazungumzo ya dakika kumi na muuguzi mwenye upole mara nyingi yanatosha. Wako wengine ambao mwili wenyewe umeshazoea kilevi. Dalili yake kubwa watu wanaijua na wanaitania: ni kuzimua. Mtu anaamka mikono inatetemeka, jasho jembamba linamtoka, moyo unakwenda mbio, hawezi kushika hata kikombe cha uji mpaka apate kidogo cha kutuliza. Huyo hanywi tena kwa ajili ya raha. Anakunywa ili mwili wake ufanye kazi.

Mtu wa namna hiyo akiacha ghafla peke yake nyumbani, ndani ya saa 24 hivi tetemeko linaongezeka, usingizi unapotea, anatapika. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wanaona vitu visivyokuwepo, homa inapanda, na wasipotibiwa wanaweza kufa. Kwa mjamzito wako wawili ndani ya hatari hiyo.

Sasa fikiria Kwaresima. Jumatano ya Majivu mama anaweka nia njema kabisa: hatagusa gongo mpaka Pasaka. Alhamisi anatetemeka. Ijumaa anaanguka na kukakamaa mbele ya Njia ya Msalaba. Wapo watakaosema ni mapepo na kuanza kumwombea, wapo watakaosema ni uchawi. Tena mjamzito anayeanguka degedege anaweza kuwa na kifafa cha mimba, ambacho hakihusiani na pombe na kinaua upesi. Pale uwanjani hakuna awezaye kutofautisha. Maombi yaendelee ndani ya gari, mgonjwa akiwa njiani kwenda hospitali.

Kwa sababu hiyo kiapo cha kuacha pombe, kile cha kuwekeana mbele ya altare au mbele ya jumuiya, kinahitaji swali moja kabla ya kupokewa: "Mama, asubuhi huwa unazimua?" Akijibu ndiyo, kiapo kisubiri na hospitali itangulie. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2014 kuhusu wajawazito wanaotumia vilevi unasema waziwazi kwamba mjamzito aliyetawaliwa na pombe aachishwe akiwa amelazwa. Huko hupewa dawa ya kutuliza mwili kwa siku chache, kwa kipimo kinachoshushwa hatua kwa hatua, na vitamini B1, kwa kuwa mnywaji wa siku nyingi huwa ameishiwa nayo na ubongo wake unaweza kudhurika. Anapewa maji, chakula, na mtu wa kumwangalia usiku. Halihitaji mitambo mikubwa. Linahitaji kitanda, muuguzi na daktari anayejua alichokilaza. Kwa mtu wa uwanda wetu mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya; na chini kule, kwenye barabara ya Masasi, ipo Hospitali ya Mtakatifu Benedikto ya Ndanda, iliyoanzishwa na Wabenediktini.

Neno moja kuhusu zile "dawa za kumfanya mtu achukie pombe" zinazouzwa mitaani na minadani, ambazo mume humtilia mke kwenye chai bila yeye kujua. Kwa mjamzito usalama wake haujathibitika. Zisitumike.

Programu ya tiba ni kitu gani hasa

Watu wakisikia "programu ya kutibu uraibu" wanafikiria jengo lenye ukuta na geti. Kuacha pombe wodini huchukua siku chache tu, nayo ndiyo sehemu nyepesi. Iliyobaki ni miezi ya kuwa na mtu.

Mlango wake ni kliniki ya wajawazito. Mwongozo ule wa 2014 unataka kila mjamzito aulizwe kuhusu pombe na vilevi vingine, mapema iwezekanavyo na katika kila hudhurio, kama anavyopimwa shinikizo la damu. Aulizwe kila mmoja, si yule tu anayenuka gongo. Namna ya kuuliza ni sanaa, na kuna mfano mzuri ulioandaliwa na daktari Robert Sokol na wenzake huko Detroit mwaka 1989. Swali lao la kwanza halisemi "unakunywa?" Linauliza: inakuchukua glasi ngapi mpaka uone imekupanda? Mwenye aibu hujibu swali hilo kwa urahisi, hata kwa kujisifu kidogo, na jibu linafichua mengi, kwa kuwa anayehitaji zaidi ya glasi mbili mwili wake umeshazoea. Yanafuata matatu: je, wapo watu wanaokuudhi kwa kukusema juu ya unywaji wako? Umewahi kuona kwamba inakupasa kupunguza? Umewahi kunywa asubuhi mapema ili kutuliza mwili? Ni maswali manne tu. Kiongozi wa WAWATA anaweza kuyakariri, ingawa napendekeza ayatumie kwa rafiki yake wa kweli na si kama mpelelezi.

Baada ya mlango huo kuna ushauri, na hapa mifano ya Afrika Mashariki inatia moyo. Huko Eldoret, Kenya, watafiti waliandaa vikao sita vya kikundi kwa watu wanaoishi na VVU waliokuwa wakinywa sana. Vikao viliendeshwa kwa Kiswahili, wanawake peke yao na wanaume peke yao, na waongozaji hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba washiriki walipunguza pombe kuliko wale waliopewa elimu ya afya tu. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, wauguzi wamefundishwa kufanya mazungumzo mafupi na majeruhi wanaokunywa, katika mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Mipango yote miwili haikuandaliwa kwa ajili ya wajawazito. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba ufundi huu unazungumzika kwa lugha yetu na hauhitaji kumngoja mtaalamu kutoka mbali.

Uliowalenga wajawazito wenyewe ulikuwa kulekule Afrika Kusini. Mhudumu mmoja alikabidhiwa wanawake wachache waliokunywa sana, akawatembelea nyumbani kwa muda wa miezi 18, yaani mimba, kujifungua na mwaka wa kwanza wa mtoto. Hakuwakemea. Aliwauliza wanataka nini kwa mtoto wao, kisha akawasaidia kuona pombe imekaa wapi kati yao na shauku hiyo. Pia alishughulika na mambo ambayo hayaonekani kuwa ya pombe, kama mume anayepiga, chakula na vyeti. Unywaji ulipungua, hasa katika miezi ya mwanzo. Baadaye wengine waliteleza, na mhudumu aliendelea kwenda. Huko kuendelea kwenda ndiko kazi yenyewe.

Nani kwetu anaweza kuwa mhudumu wa namna hiyo? Yupo mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Lakini pia yupo mama wa jumuiya anayekaa nyumba ya tatu, na yupo kungwi. Mjamzito wa Kimakonde hupata maelekezo mengi kutoka kwa waliomcheza unyago kabla hajamsikia muuguzi, na kungwi akisema "mimba hainyweshwi uraka" neno lake linazama. Kuwaacha makungwi na wakunga wa jadi nje ya mazungumzo haya ni kujinyima wasaidizi walio karibu zaidi.

Wanaorudi kutoka Dar es Salaam

Uraibu wa heroini, au unga kama unavyoitwa mitaani, umeenea zaidi katika miji ya pwani, Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, kuliko kwenye uwanda wetu. Lakini mabinti wetu wanakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na ipo desturi njema ya mwanamke kurudi kwao kujifungua. Hapo ndipo jambo hili linapofika Tandahimba.

Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwezi Februari 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Dodoma, Mbeya, Mwanza na kwingineko. Methadoni hunywewa mara moja kila siku mbele ya mhudumu. Inazuia arosto, yale maumivu ya kukosa unga, bila kumlewesha mtu aliyeizoea, na hivyo anaweza kula, kulala na kuhudhuria kliniki. Tangu mwanzo wanawake walikuwa wachache sana kati ya wateja wa vituo hivyo ukilinganisha na wanaume, na hilo halikutokana tu na uchache wa wanawake wanaotumia. Mwanamke anaogopa kuonekana kwenye foleni ya mateja, hana wa kumwachia mtoto, au mwanamume anayempa unga ndiye anayemkataza kwenda.

Ndugu wengi, na baadhi yetu waseminari, hudhani kwamba mjamzito anayetumia methadoni anapaswa kuiacha haraka kwa ajili ya mtoto. Ni kinyume chake. Arosto kali kwa mjamzito inaweza kumletea uchungu kabla ya wakati na kumtesa mtoto tumboni, na anayeachishwa kwa nguvu mara nyingi hurudi kwenye sindano. Mwongozo wa kimataifa unasema aendelee na dawa mimba nzima, na huenda kipimo kikaongezwa miezi ya mwisho mwili wake unapobadilika. Basi binti akirudi nyumbani kujifungua bila kuaga kituo chake, anakata dozi katikati ya majuma ambayo ni mabaya kuliko yote kuikata. Akikosa siku kadhaa hawezi kurudia kipimo kilekile bila kupimwa upya, kwa sababu kinaweza kumwua. Safari ipangwe na kituo kabla ya tiketi ya basi kukatwa. Kama huko anakokwenda dawa haipo, ajifungulie karibu na kituo, mama yake mzazi ndiye apande basi.

Mtoto wake anaweza kuzaliwa na arosto ya kwake. Analia kwa sauti kali nyembamba, anatetemeka, anapiga chafya mfululizo, ananyonya vibaya, anaharisha. Dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa, ndiyo maana inashauriwa akae hospitali siku nne hadi saba. Hali hiyo inatibika. Dawa yake ya kwanza ni chumba chenye giza kidogo na ukimya, kifua cha mama ngozi kwa ngozi, na kunyonya mara kwa mara. Wengine huhitaji mofini kidogo kwa mdomo. Kumtoa mtoto kwa mama "kwa usalama wake" mara nyingi humnyima dawa hiyo ya kwanza.

Kuhani Eli na mama yake Samweli

Kwa nini wanawake hawa hawaji? Kwa sababu wanajua watakavyotazamwa. Mlevi wa kiume ni kichekesho cha kijiji, lakini mlevi wa kike ni fedheha, na akiwa na mimba ni kama muuaji. Kati ya majirani zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa uwandani, aibu ni kubwa zaidi na kificho ni kirefu zaidi. Tena gongo imekatazwa na sheria, hivyo anayeipika humwogopa hata muuguzi anayeuliza kwa nia njema.

Wamarekani walijaribu njia ya ukali. Mwaka 1989, mjini Charleston, hospitali ya umma ilianza kuwapima wajawazito mkojo kutafuta kokeini bila ridhaa yao na kupeleka majibu polisi. Baadhi walikamatwa muda mfupi tu baada ya kujifungua. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 2001 ilisema upimaji wa namna hiyo unavunja katiba. Vyama vya madaktari wa huko vilikuwa vimeonya tangu awali juu ya kitu ambacho bibi yeyote wa kijijini angekisema: ukiifanya kliniki kuwa mtego, wenye shida watakuwa wa kwanza kuikimbia, na mtoto uliyetaka kumlinda atazaliwa bila kupimwa.

Maandiko yanatupa mifano miwili inayostahili kusomwa pamoja. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 13, malaika anamwagiza mama yake Samsoni asinywe divai wala kileo atakapochukua mimba. Tunaipenda sura hiyo na tunaihubiri. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya kwanza, Hana anasali kwa uchungu midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli anamkemea akidhani amelewa. Eli alikosea. Lakini hebu tujiulize kama walimu wa homilia: je, Hana angekuwa kweli amelewa, kemeo lile lingemsaidia nini? Eli aliposikia habari yenyewe alibadilisha neno na kumwombea amani. Mapadre wajao tuna mengi ya kujifunza katika zile dakika chache kati ya kemeo na baraka.

Katekisimu haipunguzi uzito wa jambo. Namba 2290 na 2291 zinafundisha kiasi na kutaja madhara makubwa ya dawa za kulevya. Lakini namba 1735 inafundisha kwamba lawama ya mtu inaweza kupungua, hata kuondoka, kwa sababu ya woga, mazoea na hali nyingine za nafsi. Uraibu unagusa hapo. Muungamishi anayeijua namba hiyo hamwambii mama kwamba hakuna dhambi, wala hampi kitubio cha kuacha gongo usiku huohuo. Anamwuliza habari ya kuzimua, anamshauri hospitali, na siri inabaki pale pale kwenye kiti cha maungamo. Akitaka kusindikizwa, amfuate padre nje ya maungamo, kwa hiari yake.

Kanisa lina ujuzi wa zamani katika hili. Mwaka 1939, katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas huko Akron, Marekani, hospitali nyingi zikiwa hazitaki kuwalaza walevi, mtawa Sista Ignatia Gavin alimpokea mmoja kwa jina la ugonjwa wa tumbo, kwa ombi la daktari Robert Smith, ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameacha pombe. Maelfu walifuata. Kitanda kile kilianza kwa mtawa mmoja wa mapokezi aliyeamua kwamba ulevi ni ugonjwa wa kulazwa.

Fedha ya nipa

Lipo swali ambalo programu nyingi huliruka. Mama akitoka hospitali amepona tetemeko, atarudi kwenye pipa lilelile, kwa sababu ndilo linalonunua sabuni, daftari na sukari. Fedha ya korosho huja kwa msimu, baada ya mnada na baada ya chama cha ushirika kumaliza hesabu zake, na nyumba nyingi huishia mkononi mwa mume. Fedha ya uraka na nipa huja kila jioni na ni ya mwanamke. Kumwambia aache kuipika bila kumwonyesha shilingi nyingine ni kumwambia awe tegemezi.

Bibo lenyewe lina njia nyingine. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kimekuwa kikifundisha vikundi kutengeneza juisi, jamu na bidhaa nyingine za mabibo. Juisi iliyochemshwa na kufungwa vizuri haichachi. Divai ya mabibo nayo hutengenezwa, ila sioni busara ya kumpa mwanamke anayejitibu pombe kazi ya kutengeneza divai. WAWATA wa kigango wenye mfuko wa kuweka na kukopa wanaweza kuanza na sufuria kubwa, chupa safi na mama mmoja.

Kisha mtoto akizaliwa, watu wanapumua na kumwacha. Huo ndio wakati wa kuteleza: usingizi hakuna, wageni wanaleta kinywaji cha kumpongeza, na wapo wanaosema pombe inaongeza maziwa. Haiongezi, bali humfanya mtoto anyonye kidogo. Kilevi kinaingia kwenye maziwa kwa kiwango kinachokaribiana na kilichomo katika damu, na kinatoka kadiri damu inavyosafishika. Kwa bia moja hesabu ya saa mbili au zaidi kabla ya kunyonyesha inajulikana. Kwa gongo isiyopimwa hesabu hiyo haiwezekani. Mama aliyeteleza asilale kitanda kimoja na mtoto usiku huo, maana wengi wamelaliwa hivyo. Bibi amchukue mtoto, na kesho mama arudi kliniki bila kuogopa kutukanwa.

Anayemfuatilia mama wa namna hiyo ahesabu miezi. Mtoto aliyezaliwa Julai atakuwa na miezi mitatu Oktoba, wakati uwanja mzima unanuka mabibo na kila nyumba ina ndoo ya uraka mlangoni. Ziara za majuma hayo zipangwe mapema, mara mbili kwa juma ikiwezekana, na iwe asubuhi, juisi ikiwa bado juisi.